Kizibao cha Sufi

Kabuku, Handeni
22 Septemba 1974

Kwako mwanangu Zuena,

Kwanza kabisa nakuuliza uzima, na ukinijibu jibu kwa kirefu, usiniandikie "mimi mzima" halafu ukaruka. Sisi huku hatujambo. Tumefunga, leo la tano, Mungu anatupa nguvu. Mdogo wako Salimu hajambo, bado yuko Korogwe pale Masuguru anatengeneza baiskeli za watu, na yake mwenyewe haina breki. Mbuzi yule mwenye baka amezaa mapacha. Mimi ni mgongo tu, umeuzoea.

Usiushangae mwandiko, ni wangu. Herufi nilizijua kidogo tangu zamani, sasa naenda kisomo kila alasiri, mwalimu wetu ni Dorkasi, binti mdogo lakini akishika chaki hata wazee wenye mvi wanakaa kimya. Zamani barua zako za shule nilikuwa nasomewa na watu, maneno yako yananifikia kwa mdomo wa mwingine. Sasa nasoma mwenyewe, nikitaka kurudia narudia. Kwa hiyo andika kila kitu. Barua elekeza kwa anwani ya shule niliyoiweka nyuma, maana tumesogea kidogo, tuko karibu na barabara. Hayo nitakueleza siku nyingine.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Umesema huko kwenye kozi yako ya ukunga hawakukupa bweni, wamekupa chumba kwa mama mjane anayeitwa jina ambalo halikai kwenye kalamu yangu. Umesema anakupikia. Umesema amekupa soksi. Hapo pa soksi nimesoma mara tatu. Soksi za nani? Alizivaa nani kabla yako? Muulize kwa adabu.

Na hiyo baridi unayosema inakuja inanitisha. Mimi baridi ninayoijua ni ya Lushoto, nilikwenda mara moja tu msibani nikarudi na kikohozi cha mwezi mzima. Nawe kifua chako ni chepesi tangu kuzaliwa, hilo yeye halijui, nalijua mimi niliyekubeba mgongoni usiku ukikoroma kama paka. Sikiliza. Ukiamka paka mafuta ya nyonyo kifuani na nyayoni. Chemsha tangawizi. Usilale na kichwa kibichi. Dirisha funga, na ufa chini ya mlango ziba kwa nguo.

Usihofu kwamba niko peke yangu. Ninaye Grasiana, binti wa marehemu Fabiani aliyekuwa mkata mkonge. Ananichotea maji, anatwanga, ananiita mama. Analala kitandani kwako. Lakini mito yako miwili ya sufi, ile ya siku ya harusi yako niliyokushindilia mwaka jana, iko juu ya sanduku na nimemwambia asiiguse.

Ni mimi mama yako,
Mwantumu


Sundvika, Norwe
26 Oktoba 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako niliifungulia njiani, nikakaa kwenye jiwe kuisoma, watu wakapita wakadhani nimeanguka. Mama, mwandiko wako! Herufi ya M unaiandika kama mafiga matatu. Nimeubusu kila mstari.

Mimi mzima, na naeleza kwa kirefu kama ulivyoagiza. Nakula. Samaki asubuhi, samaki jioni, viazi katikati. Iddi ilinikuta kazini. Niliswali chumbani, nikavaa kanga yako ya kijani chini ya gauni la kazi, na mtoto aliyezaliwa siku ile alinukia udi kidogo.

Theluji imeanza. Inaanguka kama sufi siku unazopiga maganda uani na upepo unavuma. Mji upo kando ya bahari kabisa, na bahari yenyewe haigandi, inatoa moshi tu kama sufuria. Bibi Ragnhild, ndilo jina lake, ana miaka sitini na mbili, na anasema majira haya si ya kuvumilia, ni ya kujifunza kuyapenda. Kila siku ananitoa nje, hata pawe na upepo wa kung'oa masikio. Tunatembea mpaka gatini kutazama mashua zinavyoshusha samaki, tunarudi tunakunywa kahawa na mikate ya kubonyeza kwenye chuma cha moto. Ngozi haivai pamba, inavaa manyoya ya kondoo, kisha nguo nyingine, kisha koti, ukianza kutoka jasho unavua moja. Kila asubuhi ninakunywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki. Mama, ni mabaya! Nakunywa nimeziba pua na yeye anacheka. Jioni anawasha taa dirishani ili mpita njia asijione peke yake. Na dirisha la kulala, samahani mama, analifungua kidogo, anasema hewa nzito ndiyo inayoleta ugonjwa. Hospitalini watoto wachanga wanalazwa nje mchana, wamefungwa vizuri kwenye vigari, na wanalala fofofo.

Amenifumia sweta. Soksi nazo zilikuwa mpya, alizifuma mwenyewe. Sweta lina nyota kifuani, amelifuma wiki tatu, kila jioni ananisimamisha anapima mabega.

Mwezi ujao jua litaondoka, halitaonekana mpaka Januari. Nilipoulizia swala itakuwaje, hapakuwa na wa kumwuliza. Basi saa yangu ya mkono nimeiacha na saa za nyumbani. Ukisikia adhana huko, jua na mimi nimetandika mkeka.

Mama, mmesogea kwenda wapi? Na huyo Grasiana, ndiye yule aliyekuwa anauza miwa stendi? Kitanda changu kina upande unaobonyea karibu na ukuta. Ule upande ni wangu. Alale huu mwingine.

Mwanao,
Zuena


Kabuku
20 Novemba 1974

Kwako Zuena,

Nimepata barua yako jana, leo nakujibu, maji yako jikoni na yachemke yaungue. Hatujambo. Mvua za vuli zimegoma. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Salimu alikuja na mkate wa boflo kutoka Korogwe, nikamkumbuka mtu.

Nimefurahi kuhusu saa. Hilo umefanya vizuri sana, nimemsimulia hata imamu. Sasa ikifika alasiri natazama upande wa huko, sijui ndio upande wenyewe, Dorkasi amenionyesha kwenye ramani.

Mengine sikuyapenda. Watoto wachanga wanalazwa nje kwenye theluji, nawe ni mkunga, umesimama unatazama? Na dirisha nimekuambia funga, mtu mwingine anakuambia fungua, umefungua. Mimi nilikulea miaka ishirini na tatu kwa dirisha kufungwa, ulikufa? Mafuta yangu ya nyonyo umeyasema wapi katika barua yako? Nimetafuta mbele na nyuma. Mafuta ya samaki yamesemwa, tena mpaka na kucheka kumesemwa.

Mwanamke anakaa wiki tatu anapima mabega ya mwanangu. Mabega hayo nimeyaosha mimi. Nayajua, la kushoto liko chini kidogo kwa ajili ya kubeba ndoo. Yeye amelijua hilo? Sweta limekaa sawa begani? Usinijibu.

Sikiliza sasa. Na mimi nina mikono. Tarehe kumi mwezi huu Salimu amenipelekea kifurushi posta ya Korogwe, kimekwenda kwa meli maana kwa ndege hatuwezi. Sisemi kina nini. Ni kitu cha kuvaa, cha joto. Nakuomba kitu kimoja tu, na mama haombi mara mbili: hilo sweta lenye nyota usilivae mpaka changu kifike. Liweke sandukuni. Kikifika vaa changu kwanza, halafu ukitaka kuvaa la watu vaa juu yake.

Grasiana si wa miwa. Anajua kupika bada ya muhogo kuliko wewe. Kitanda analala upande anaoutaka, mwenyewe hayupo.

Mama yako,
Mwantumu


Sundvika
30 Desemba 1974

Mama,

Shikamoo. Hatujambo huku. Nimepata yako ya Novemba.

Iddi Kubwa imeangukia siku ile ile ya mkesha wa Krismasi. Mama Ragnhild alipojua alikataa kupika nguruwe wao wa kila mwaka, akapika kondoo, akaleta mshumaa. Ilikuwa vizuri.

Jua halipo. Saa sita mchana pana mwanga wa bluu kidogo halafu unafungwa. Nina mafua kidogo, yatapita. Kifurushi bado hakijafika.

Nimechoka kuandika, nitakuandikia vizuri. Msalimu Salimu.

Zuena


Kabuku
3 Februari 1975

Kwako Zuena Athuman Mdoe,

Nakuandikia kwa jina lako lote ili ukumbuke wewe ni wa nani.

Tupo. Salimu yupo. Mvua hakuna. Tunakula unga wa njano unaoletwa kwa lori, unanuka gunia lakini unakaa tumboni. Sikutaka kukuambia hilo, limetoka, basi.

Umeniandikia mistari kumi na minne. Nimehesabu. Na mwandiko umelala kama nyasi zilizokanyagwa. Barua ya kwanza ilikuwa Bibi, hii ni Mama. Mama Ragnhild! Mimi unaniita mama na yeye unamwita mama, sasa ukiita mama katika nyumba hiyo anaitika nani?

Nimeuliza kwa watu. Mpwa wa jirani yetu Mzee Habakuki alikwenda nchi za huko kusoma mambo ya maji, amerudi ana mke wa huko, mama yake akienda kumtembelea anagonga hodi kama mgeni. Usiku nawaza hayo. Nasema labda kifurushi kimefika siku nyingi, umekifungua, umeona aibu, umekitia chini ya kitanda. Umemwonyesha huyo mama mkacheka, kama mlivyocheka kwa mafuta ya samaki. Kama ni hivyo sema tu. Mishono yangu si ya nyota. Mimi sikuwa na mtu wa kumpima mabega, nilipima kwa Grasiana, naye ni mwembamba, nikawa naongeza vidole viwili kila upande kwa kukumbuka.

Na mafua kidogo ndiyo nini? Wewe mafua kidogo huyaandiki. Ulipovunjika mkono ulisema umejigonga. Kuna kitu.

Nijibu. Hata ukiwa umekasirika nijibu.

Mama yako wa kukuzaa


Sundvika
2 Machi 1975

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Kaa chini ndipo usome. Kama Grasiana yupo, mwambie akupe maji.

Kifurushi kimefika tarehe 24 Februari. Kimezunguka bandari za watu miezi mitatu na nusu, kamba imekatika, lakini ndani kizima.

Kwanza nikuambie niliyokuficha. Barua yangu ya Desemba niliiandika nimelala hospitalini. Ilikuwa nimonia. Nililazwa siku ishirini na sita. Barua yako ilinifikia tarehe nane Desemba, nami nikaliweka sweta sandukuni kama ulivyoagiza. Bibi Ragnhild akauliza liko wapi, nikamwambia limelowa. Tarehe kumi na nne tuliitwa kisiwani kuna mama wa mapacha, tukavuka kwa mashua muda wa saa mbili, mimi nina koti na gauni. Watoto walipona wote wawili. Mimi nilirudi natetemeka. Mama, sikulaumu, mimi ni mtu mzima, ningeweza kuvaa. Lakini niliona nikilivaa utajua. Sijui ungejuaje, niliona tu utajua.

Bibi Ragnhild alikaa kitini kando yangu kila siku, anafuma. Huko kuandika Mama ilikuwa homa, au haikuwa homa, sijui. Siku jua liliporudi, tarehe kumi na nane Januari, watoto wa shule walipewa mapumziko wakapanda kilimani kulipokea na mikate ya sukari mikononi. Lilikaa dakika chache tu juu ya bahari. Mimi nililiona dirishani nimeshikwa bega. Bega la kushoto. Analijua liko chini, alilipima.

Sasa kizibao chako.

Nilikivaa pale pale ukumbini, kina harufu ya nyumbani, moshi na nyonyo. Kimenikaa kama ulinipima jana. Bibi Ragnhild alikigusa kwa kidole. Akabonyeza tena. Akaomba nimvulie. Akakibeba mpaka jikoni, akafumua mshono kwa ncha ya kisu, nikataka kumzuia, akatoa kipande cha sufi akakiweka kiganjani, akaanza kulia. Nikadhani nimekosa.

Mumewe alikuwa mvuvi. Mwaka fulani mashua yao ilipinduka nje tu ya gati, mwezi wa pili, maji ya kuua. Alikuwa amevaa koti la kujiokolea lililoshindiliwa kitu cheupe, chepesi, kisichoshika maji. Lilimfanya aelee mpaka wenzake wakamfikia, akaishi miaka kumi na moja zaidi, akafa kitandani mwake. Koti lilipochakaa Bibi Ragnhild alilichana akaona huo weupe, hakujua ni nini, aliuliza watu wakamwambia ni kitu cha nchi za joto. Miaka yote anadhani ni manyoya ya ndege fulani. Nilimwambia ni tunda la mti, kwamba mama yangu anapiga maganda kwa fimbo uani, anachambua mbegu moja moja, na kwamba kwetu mama humshindilia binti yake mito miwili ya harusi kwa mkono wake mwenyewe. Akauliza jina lako. Anasema Muantumu. Kila asubuhi analisema.

Na sasa niulize mimi. Bitana ya kizibao ni kile kitambaa cha maua ya zambarau. Kona zimeshonwa kwa uzi mwekundu. Hii ni mito yangu, mama. Umeifumua mito yangu ya harusi. Kwa nini? Msufi wa nyumbani kwetu Kwamdoe ulikuwa na maganda mpaka yanaanguka yenyewe. Kwa nini hukuchuma mengine? Mmesogea wapi? Tangu Oktoba nauliza. Unaniambia niandike kila kitu, na wewe?

Tena, wewe usiyeacha hata mbegu moja kwenye mto, umeacha mbegu kumi na mbili. Bibi Ragnhild alizihisi kwenye mshono. Moja ameitia kwenye kopo la kahawa lenye udongo, ameliweka rafu ya juu ya jiko. Leo asubuhi imechomoza.

La mwisho. Hospitali imeniomba nibaki miaka miwili zaidi. Sijawajibu. Nasubiri barua yako.

Nami pia nina wivu, usidhani ni wewe tu. Huyo binti anakula mkononi mwako.

Zuena


Kabuku
14 Aprili 1975

Mwanangu, mwanangu Zuena,

Barua hii nimeianza mara nne. Dorkasi amenipa karatasi za daftari lake.

Siku ishirini na sita. Nilikuwa wapi mimi siku ishirini na sita? Nilikuwa nahesabu mistari yako. Nilimwuliza Dorkasi nimonia ni nini akaniambia, nikatoka nje nikakaa kwenye kinu. Neno la mdomo wangu limekulaza. Nisamehe. Usiniambie hunilaumu, nilaumu kidogo, nitapata nafuu.

Sasa nasema ya kwangu. Kwamdoe hakuna nyumba. Mwezi wa nane, wiki mbili baada ya wewe kuondoka, walikuja na lori, wakasema wote tukae pamoja kijijini karibu na barabara, tupate maji ya bomba na zahanati na shule. Na kweli, bomba lipo, linatoka siku mbili kwa wiki, na zahanati ipo, ila haina mkunga. Kisomo nimekipata hapa, sikatai. Lakini paa walilishusha siku ile ile na makuti wakayachoma ili mtu asirudi. Msufi ulikatwa kufungua shamba la kijiji. Babu yako Mdoe aliupanda alipohamia pale, ndiyo maana pakaitwa kwake. Ulipoanguka, maganda yalipasuka, sufi ikaruka mpaka kwenye kaburi la baba yako, pakawa peupe kama unavyosema huko kwenu. Huko kwao. Mawe ya kaburi yapo, nayapitia kila Ijumaa.

Nilikuficha kwa sababu nilisema, mtoto yuko mbali ana kwao pa kukumbuka, nikimwambia hapapo atarudi wapi? Na nikasikia kuna mama amekupa chumba, anakupikia, amekupa soksi. Mimi nikatazama nina nini. Nina mito miwili. Basi nikaifumua. Mbegu hizo si uzembe, niliichambua nikiwa naona vibaya.

Kuhusu miaka miwili sikuambii rudi na sikuambii kaa. Nitakuambia njia tu.

Ukishuka kwenye basi hapa Kabuku, usishike njia ya Kwamdoe. Nasema usiishike, miguu yako itataka. Vuka barabara, pita duka la ushirika, shika ubavu wa shule. Nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Mstari wa nne, hesabu milango saba kutoka bombani, wa saba ni wa rangi ya bluu, ilibaki shuleni Dorkasi akanipa. Dirisha ni moja. Siku hizi nalifungua kidogo ninapolala. Sijui kama linanifaa, lakini nalifungua, na kibatari nakiweka pale mpaka mafuta yaishe.

Grasiana nilimwambia habari za upande wa ukutani. Kumbe siku zote analala huu mwingine, anasema ule una shimo la mtu.

Sasa nina ombi, na limenipa tabu kuliko kisomo chote. Huyo mama ana msufi, mimi sina. Mwombe mbegu zilizobaki. Mwombe kwa adabu, kwa mikono miwili. Mwambie ni Mwantumu anaomba. Nimejifunza kuliandika jina lake, Dorkasi ameniandikia ubaoni nikanakili ukurasa mzima. Mwambie Bibi Ragnhild kwamba kizibao ni chake, kimekuja kwa njia ndefu lakini kimefika kwa mwenyewe. Mwambie pia, aliyekaa kitini siku ishirini na sita simwiti mtu wa soksi tena.

Na sweta lake, siku ukija, usilifungie. Livae. Hata jua la Korogwe likuchome, shuka nalo. Nataka kulishika.

Mama yako,
Mwantumu


Sundvika
12 Mei 1975

Mama,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza, sasa naandika.

Nimewajibu hospitali kwamba hapana, kwetu kuna zahanati mpya, mstari wa ngapi sijui, na haina mkunga. Ndege yangu ni tarehe kumi na saba Juni.

Nilimwambia Bibi Ragnhild maneno yako yote kama yalivyo. Kizibao amekivaa hapo hapo, kinambana tumboni, hataki kukivua, jana amekwenda nacho kanisani. Mbegu kumi na moja amezifunga kwenye kitambaa akakitia ndani ya soksi mpya. Mche wa kwenye kopo una majani manne. Anasema ule atabaki nao, najua hautakua huku, naye anajua. Anaugeuza kila asubuhi uelekee jua.

Theluji inayeyuka, mifereji inaimba barabarani. Nitaikumbuka baridi hii, mama, usikasirike.

Mwambie Grasiana kitanda kinatutosha wawili. Mto hatutakuwa nao, tutalalia mikono.

Zuena


Kabuku
1 Juni 1975

Zuena,

Hii sijui kama itakukuta. Hatujambo. Mvua imenyesha siku tatu. Yule pacha wa mbuzi aliyebaki ana mimba.

Shimo la msufi nimelichimba mbele ya mlango wa bluu, mwenyewe, kwa jembe la baba yako. Grasiana alitaka kunisaidia, nikamkatalia.

Mama